Mizinga Tuliyoiogesha

Mwaka wa kwanza niliwapa vijana kazi ya kupaka mawe chokaa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniaibisha kuliko yote, na nikishalitoa njiani naweza kusimulia mengine kwa raha zangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kabungu, umri miaka ishirini na mitatu, chuo kimenitema juzijuzi. Mali yangu ilikuwa kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, jozi moja ya viatu vya ngozi nilivyoving'arisha kila asubuhi hata kama siendi popote, na kengele. Kengele kwa kweli ilikuwa ya shule, kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, lakini hakuna aliyeigonga ila mimi, na mtoto aliyethubutu kuigusa alinijua. Kwetu ni Mpimbwe. Mimi ni mtoto wa mpunga, nimekulia kwenye majaruba. Mambo ya porini nilikuwa siyajui hata kidogo, ila hilo sikumwambia mtu.

Ofisi ya wilaya kule Mpanda ilikuwa imeleta agizo kwamba likizo ya Juni vijana wasikae bure. Kila shule ichague vijana kumi, iwape kazi kwa wiki nne, na mwisho wake afisa atakuja kukagua. Kazi gani, barua haikusema. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akanitazama, akanikabidhi. Wenzangu walikuwa na wake na mashamba. Mimi nilikuwa na kengele.

Basi nikafikiri kama anavyofikiri mtu anayemsubiri mkaguzi. Nikaona njia inayotoka barabarani hadi ofisi ya kijiji haina sura. Nikawaambia vijana waokote mawe, wayapange mistari miwili, wayapake chokaa. Nikaita majina asubuhi, nikaita saa nne, nikaita tena saa nane. Mbuzi wa kijiji walipita usiku wakayavuruga mawe, asubuhi tukayapanga upya. Wiki ya kwanza nilikuwa na vijana kumi. Wiki ya pili sita. Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, niligonga reli mpaka mkono ukafa ganzi, na akatokea mmoja tu.

Alikuwa msichana wa darasa la sita, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kukutazama usoni akikusikiliza, jambo ambalo sisi walimu hatukulizoea. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe alilolipaka mwenyewe, sketi yake nyuma nyeupe. Nikamuuliza kwa ukali wenzake wako wapi. Akasema wako mashambani kwao, maana huko wasipoonekana wanatafutwa. Nikamuuliza yeye amekuja kufanya nini basi, kama wenzake ni wajanja kiasi hicho. Akasimama kwa adabu, akakung'uta sketi.

"Nimekuja kukuuliza, mwalimu. Kazi hii tukiiacha, nani atajua?"

Nilimfukuza. Nasema ukweli, nilimfukuza arudi kwao, nikakaa mimi juu ya lile jiwe, na suruali yangu nayo ikawa nyeupe. Nilikuwa mtu wa hasira za karibu siku zile, na hasira hunijia upesi zaidi ninapoambiwa jambo la kweli.

Afisa alikuja na gari lake, mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye daftari dogo alilolifunga kwa mpira. Akayatazama mawe. Akaniomba vijana, nikamwonyesha wawili niliowapata kwa kuwabembeleza. Akaandika kitu kifupi. Kisha akasema mbele ya mwenyekiti wa kijiji na watu waliokuwepo kwamba atatupa Juni moja zaidi. Nayo ikienda hivi, vijana wetu wa likizo watakuwa wanapelekwa kupasua kokoto za barabara, kila likizo, na mimi ndiye nitakayewasimamia. Yule msichana alikuwepo, alikuja kuchota maji. Alisikia.

Swali lake lilikaa nami mwaka mzima. Nilikuwa nikisahihisha hesabu za darasa la tano, ghafla nalisikia. Nilipanga kazi nyingi kichwani: kufyeka uwanja, kuchimba shimo la takataka, kupaka ofisi rangi. Kila moja nikiipima kwa swali lile, naikuta haina uzito. Tukiiacha, nani atajua? Labda mwalimu mkuu. Labda na yeye asijue.

Jibu lilikuja shuleni lenyewe, mwezi wa nne, likiwa limekasirika. Alikuwa mrina asali mmoja, mtu wa makamo, mfupi, miguu ya kupinda, uso wenye makovu madogo madogo ya nyuki. Alikuja kudai kamba yake. Wanafunzi walikuwa wameiazima kwa mkewe kwa ajili ya mchezo wa kuvutana siku ya michezo, na mimi, kwa kuwa ilikuwa kamba nzuri, niliihifadhi stoo na kuisahau. Akanieleza, bila kupunguza, jinsi mtu anavyojisikia akifika porini mwendo wa saa mbili na kukuta hana kamba ya kupandishia mzinga. Nikaomba radhi. Akaendelea. Nikaomba tena. Mwishowe akachoka, akaketi kwenye dawati, akaanza kulalamika mambo mengine.

Kumbe tatizo lake halikuwa kamba. Watu walipohamishiwa vijiji vipya mizinga yake ilibaki mbali, kule walikokuwa wakiishi zamani, na wale aliokuwa akishirikiana nao kuipandisha walitawanywa vijiji vingine. Mzinga wa gogo hauupandishi peke yako. Mmoja lazima awe juu ya mti, wengine chini wakivuta. Juni ile alikuwa na mizinga ya kurina, ya kushusha na kukarabati, na mipya ya kuchonga, naye alikuwa na mikono miwili.

"Nataka watu kumi," akasema, "na nyie mnao hapa wanaimba tu."

Nilinyanyuka kama niliyeitwa jina.

Tulipatana palepale, lakini si kirahisi. Aliniwekea masharti matatu, na kila moja lilinichoma mahali pake. La kwanza, porini hakuna kengele. La pili, kila kijana achonge mzinga wake mwenyewe, auwekee alama yake mwenyewe. Mimi nilitaka tuipake namba kwa rangi ya shule, moja hadi kumi, iwe mizinga ya kijiji, ya wote, kama tulivyofundishwa kusema. Yeye akasema mzinga wa wote ukianguka hakuna anayeuinua, kila mtu anamtazama mwenzake. Nikamwambia awe mwangalifu na maneno hayo. Akasema yeye ni mwangalifu sana, ndiyo maana bado ana macho yote mawili. La tatu, mwalimu naye achonge.

"Mimi ni msimamizi," nikamwambia.

Akacheka. Alikuwa amefika darasa la pili tu, akafukuzwa kwa kutia nyuki ndani ya boksi la chaki, na nadhani alikuwa amesubiri siku hiyo kwa miaka thelathini.

Juni ikafika. Niliwachagua vijana wale wale wa mwaka uliotangulia, kwa ukaidi wangu tu, na yule msichana akiwemo, sasa darasa la saba. Wakaja wakiwa na nyuso za watu wanaoenda kupaka mawe. Walipomwona mrina na mashoka yake wakasogea karibu. Siku hiyo ya kwanza hakuwafundisha chochote. Aliwagawia mizigo, akatangulia, nao wakamfuata, nami nikafuata nyuma kwa viatu vyangu vya ngozi.

Wiki mbili za mwanzo tulimfanyia kazi yake. Kurina alirina mwenyewe, sisi tukabeba madebe na kushusha mizinga mibovu. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho asingekifanya, kazi ingesimama. Kijana mmoja alikuwa wa moto: moto ukizimika, mrina yuko juu ya mti na nyuki, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mwingine alikuwa wa maji. Siku moja wa maji alichelewa, tukamsubiri midomo mikavu, na alipofika hakuna aliyemgombeza. Walimtazama tu. Kesho yake alifika kabla ya jua. Mimi nilikuwa nimegonga reli mwaka mzima na sikuwahi kumfikisha mtu mahali popote kabla ya jua.

Mchana tulikula ugali kwa asali, mrina akituhadithia makosa yake. Hilo nalo lilinishangaza. Sisi walimu hatuhadithii makosa yetu. Yeye alitueleza alivyowahi kurina mzinga wa mtu mwingine kwa kutotazama alama, ikambidi amfanyie kazi mwenye mzinga msimu mzima, na alivyowahi kuanguka kutoka juu ya mninga akiwa ameshika sega, na sega halikuguswa. Vijana walicheka hadi wakapaliwa. Kisha wakaenda kazini wakiwa wanatazama alama na wanatazama tawi.

Wiki ya tatu wakachonga ya kwao. Alitutafutia magogo makavu, akatuonyesha kuyapasua katikati, kuyachonga tumbo kwa tezo, na kuyafunga tena pande mbili ziwe mzinga. Mikono yangu ilitoka malengelenge siku ya kwanza. Yule msichana alichonga taratibu, akipitisha kiganja ndani kila baada ya muda, akitafuta palipo na mkwaruzo. Alama yake ilikuwa mistari mitatu na nukta. Nikamuuliza maana yake, akasema haina maana, ila hakuna mwingine mwenye nayo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na lilikuwa kosa la mwalimu hasa.

Mrina alikuwa ameondoka siku mbili kwenda Litapunga kwenye msiba. Mizinga kumi na moja ilikuwa imepangwa nyuma ya darasa, ikisubiri kupandishwa. Mimi nikaitazama, nikaiona imejaa vumbi, maranda na alama za vidole. Afisa angeweza kutokea wakati wowote. Shuleni kwetu tulikuwa tunakagua kucha, masikio na kola za mashati. Nikaona haiwezekani kitu kitoke shuleni kwangu kikiwa kichafu. Nikanunua miche miwili ya sabuni, nikawaamuru vijana waisugue mizinga yote, nje na ndani, hasa ndani.

Baadhi yao walisitasita. Mvulana mmoja alisema fundi hakutaja sabuni. Nikamjibu kwamba fundi hakutaja mambo mengi. Yule msichana alisugua kuliko wote. Alimwaga maji, akasugua kwa majani makavu, akamwaga, akasugua tena. Nikamsimamisha mbele ya wenzake na kumsifu, nikawaambia hivi ndivyo kazi inavyofanywa. Alifurahi, na mimi nikafurahi kwamba nilikuwa nimepata nafasi ya kufuta ile siku ya mawe. Wangu niliusugua mara mbili, na mara ya pili kwa sabuni yangu ya kuogea, ile yenye harufu ya maua, niliyoitunza kwa ajili ya Jumapili.

Mrina aliporudi alisimama hatua kumi kutoka kwenye mizinga. Akanusa.

"Nani kaoga humu ndani?"

Sitayaandika yote aliyoyasema baada ya hapo. Kwa kifupi, nyuki hakai kwenye nyumba inayonuka sabuni, na mtu mwenye akili hata mwilini haipaki siku ya kwenda kwa nyuki. Vijana wote walinitazama. Nikataka kusema kwamba walisugua wenyewe, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza. Nikasema ni mimi niliyewaamuru. Ilikuwa mara ya kwanza kusema maneno hayo mbele ya wanafunzi, na nilishangaa kwamba paa la darasa halikuanguka.

Tukafanya tulichoweza. Tuliifungua mizinga, tukaianika juani siku nne, tukaikwangua ndani kwa tezo, tukaifukiza moshi wa majani, kisha mrina akagawa nta yake, tukaipaka hadi ikanuka kama mizinga. Yeye akainusa mmoja mmoja. Kwa mingi alitikisa kichwa kwamba labda. Kwa wangu alicheka tu puani. Kwa ule wa yule msichana alikaa muda mrefu zaidi, akaunusa mara tatu, akampa kipande cha pili cha nta.

Wiki ya nne tukaipandisha. Watu wa kijiji walinung'unika kidogo juu ya wasichana kupanda miti. Msichana yule akaja amevaa kaptula ya kaka yake, akapanda, akapitisha kamba juu ya tawi, akafunga mzinga wake mwenyewe. Wangu ulipandishwa na mvulana mmoja. Nilisema viatu vyangu haviruhusu, na hakuna aliyeniambia nivivue.

Tulipomaliza, mrina akatupa amri ya mwisho, iliyonivunja nguvu kabisa. Mtu yeyote asije kuitazama mizinga hii mpaka mvua zinyeshe na miti ichanue. Nyuki wanahama wakati huo. Kabla ya hapo kuna magogo matupu juu ya miti, na mtu akizungukazunguka anawafukuza wapelelezi wao. Mpaka lini? Mpaka Desemba.

Mimi nilikuwa na afisa mwisho wa Juni.

Sikupata usingizi mzuri siku hizo. Wiki nne za kazi, vijana kumi kwa kumi, hakuna aliyekosa hata siku moja, na cha kuonyesha sina. Basi nikamwendea mrina, nikamwomba debe moja la asali, nikasema ni ya wageni kuonja. Akanitazama. Akanipa. Siku ya ukaguzi nikaliweka debe juu ya meza mbele ya ofisi ya kijiji, nikalifuta hadi likang'aa, vijana wamesimama mstari mmoja. Yule msichana akaliangalia debe, akaniangalia.

"Mwalimu, hii imetoka mzinga gani?"

Nikamtuma vikombe.

Afisa alishuka, akasalimia kila kijana kwa mkono. Akaja mezani, akachovya kijiko, akafumba macho. Akaniuliza, kwa furaha kabisa, kama hii ndiyo asali ya vijana. Sikuhitaji kusema uongo. Ningeweza kutabasamu tu, yeye angeandika, kila mtu angeenda nyumbani, na kokoto zingesahauliwa. Mrina alikuwa nyuma ya umati, ameegemea fimbo. Vijana kumi walikuwa wananisikiliza kuliko walivyowahi kunisikiliza darasani. Nikajua kwamba nikitabasamu, wamekwenda. Hawatarudi tena kwenye kazi yangu yoyote, na watakuwa na haki.

"Hapana, Ndugu Afisa. Hii ni ya fundi wao. Mizinga ya vijana bado haina nyuki."

Tabasamu lake likafifia taratibu. Akafungua daftari. Akaniuliza, bila ukali, sasa yeye aandike nini. Msichana akanyoosha mkono kama yuko darasani, na hakusubiri kuruhusiwa.

"Andika kwamba utakuja Desemba, Ndugu. Mimi nitakuwepo."

Wengine wakadakia kwamba na wao watakuwepo. Afisa akawatazama mmoja mmoja, akawatajia Jumatatu ya kwanza ya likizo, akaandika. Kisha akaniita pembeni. Akasema siku hiyo nisiwakumbushe, nisigonge kitu, nisitume ujumbe kwa mtu. Akiwakuta, kazi ni yao na hakuna atakayewagusa. Asipowakuta, kokoto.

Miezi mitano ni mirefu. Mwezi wa nane wazazi wa yule msichana walihamia Karema kwa shughuli za samaki. Yeye akabaki kwa shangazi yake hadi alipofanya mtihani wa darasa la saba, kisha naye akachukuliwa kwenda huko. Alikuja kuniaga. Hakutaja mzinga, nami nilikuwa nimekatazwa kutaja. Nilimwangalia akipanda lori na sanduku lake, nikasema moyoni basi, mmoja amepungua, na ni yule aliyetoa ahadi. Vijana wengine wawili wa darasa lake nao walitawanyika. Sikumlaumu mtu. Nilijilaumu mimi na miche yangu miwili ya sabuni.

Jumatatu ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilitumaini afisa asije. Akaja. Gari likakwama kwenye tope mwanzo wa msitu, tukatembea, yeye akipumua kwa shida, mimi nikijaribu kuokoa viatu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuwatetea. Kwamba ni vijana wa watu. Kwamba ni msimu wa kilimo. Kwamba mvua.

Tulisikia vicheko kabla ya kuona mtu.

Walikuwa pale. Wamejibanza chini ya turubai la mrina, moto umewashwa, wanagombania mahindi ya kuchoma. Mmoja alikuwa amekuja na mdogo wake amwonyeshe. Wakatuona, wakasimama, wakaanza kusema wote kwa pamoja: huu umeingia nyuki, na ule, na ule kule, sikiliza, Ndugu Afisa, njoo usikilize. Wakamshika mkono, mtu mzima wa serikali, wakamvuta kutoka mti hadi mti katika mvua, naye akawa anaweka kiganja sikioni kama mtoto. Mizinga tisa ilikuwa na nyuki. Waliitaja kwa alama za wenyewe. Nikawahesabu vijana kwa mazoea ya zamani. Tisa.

Nikatazama juu ya mti wangu. Kimya, hata nzi hakuna. Walinionea huruma kwa kicheko, wakaniuliza kama nilitegemea kupata nyuki wa kuoga Jumapili. Nikacheka nao, lakini macho yangu yalikuwa yanatafuta mistari mitatu na nukta. Niliuona mzinga wake. Kimya vilevile. Aliyesugua kuliko wote, niliyemsifu mbele ya wenzake, ndiye peke yake kati ya vijana aliyekosa. Nikashukuru kwamba yuko Karema na hakuna wa kumwambia.

Kisha nikaona kamba.

Ilikuwa imezungushwa vizuri chini ya mti wake, na pembeni yake kipande cha nta kwenye jani. Yeye mwenyewe alitokea nyuma ya kichaka amebeba tezo, amelowa hadi mifupani, tope hadi magotini. Lori la samaki alilopanda lilikuwa limekwama njiani, akatembea siku nzima ya Jumapili kumalizia safari. Alikuwa ameshafika tangu asubuhi, ameshajua mzinga wake ni mtupu, ameshachagua mti mwingine karibu na maji, na mrina ameshaukubali.

Nilimwendea. Nilikuwa na maneno mengi, na nilitaka kuyasema kabla hasira yangu kwa nafsi yangu haijageuka kuwa ukali, kama kawaida yake. Nikamwambia kosa ni langu. Nikamwambia nyuki walikimbia sabuni yangu, na kwamba safari yote ile amekuja kukuta gogo tupu kwa sababu ya mwalimu wake.

Akanisikiliza akinitazama usoni, kama zamani.

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana nilikuwa nakusubiri. Tuushushe huu, tuukwangue, na wako baadaye."

Afisa alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimuuliza kwa nini amekuja kutoka mbali kote huko, na kama alikumbushwa na mtu. Akajibu hakukumbushwa. Akasema mzinga ni wake, sasa nani mwingine angejua kwamba hauna nyuki? Afisa akalitoa daftari, akaliona limelowa, akalirudisha mfukoni na mpira wake bila kuandika neno, akaenda kwa wenzake kuomba hindi.

Nikashika kamba, nijiweke tayari kuvuta na kushusha kutoka chini, mahali pangu pa Juni. Msichana akaichukua mikononi mwangu, si kwa jeuri, akauzungusha mwisho wake kiunoni mwake.

"Panda wewe, mwalimu. Kamba nitashika mimi."

Kule kwenye turubai wote walikuwa wanatutazama, na mrina akiwa katikati yao, furaha imemjaa usoni. Nikaketi kwenye mzizi uliolowa, nikafungua gidamu, nikavua viatu.